Zana ndogo ya mfukoni: nani aibebe, na kwa kazi gani?



Katika kazi ya kuratibu miradi, swali ambalo wahisani huuliza mara nyingi kuliko mengine ni hili: mradi utaendeleaje baada ya ufadhili kwisha? Sisi huwa tunajibu kwa kutaja mfuko wa matengenezo, mafunzo ya kamati na ushirikishwaji wa walengwa. Majibu hayo ni sahihi na hatuyakani. Lakini lipo swali jingine dogo ambalo halimo katika maandiko yetu mengi ya miradi: skrubu ikilegea leo jioni, je, mtu aliye karibu ana kitu cha kuikazia?

Makala hii inahusu zana za mfukoni, yaani kile kifaa kimoja kinachokunjwa ambacho ndani yake mna koleo (au plaizi kama mafundi wetu wanavyosema), kisu, bisibisi, tupa na vinginevyo. Wageni wetu kutoka sharika rafiki za ng'ambo wamekuwa wakizileta kama zawadi, na hivi karibuni baadhi ya kamati zimeanza kuomba zinunuliwe kwa fedha za miradi. Kabla ya kukubali au kukataa, ni vema tukafahamu zana hizi ni nini, zinaweza nini, haziwezi nini, na nani hasa anazihitaji.

Siku kumi na moja bila taa

Nianze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhi mfumo wa umeme wa jua kwa zahanati moja iliyoko milimani. Baada ya msimu mmoja wa mvua ilifika barua ya kamati, ikiwa na mihuri yote, ikiomba betri mpya kwa kuwa iliyopo "imekufa". Tulitafuta bei, tukaona ni kubwa, tukaamua kwanza kwenda na fundi kuangalia.

Fundi alifungua sanduku la betri. Unga mweupe ulikuwa umekizunguka kichwa kimoja cha betri, na nati yake ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Alisafisha, akakaza, taa zikawaka. Kazi yote haikufika dakika 20. Betri ilikuwa nzima.

Muuguzi wa zahanati alisimama pale akitazama, kisha akasema, "Mratibu, mimi hiyo nati niliiona inacheza tangu siku ya pili. Niliikaza kwa vidole, taa ikawaka kidogo, ikazima. Sikuwa na kitu cha kukazia." Katika usiku ule kumi na mmoja alikuwa amezalisha akina mama wawili kwa mwanga wa tochi ya simu, bibi wa mzazi akiishika. Kwa mzazi wa pili, simu iliishiwa chaji kabla kazi haijamalizika. Tunashukuru kwamba mama na mtoto walikuwa salama.

Niliporudi ofisini nilifungua jalada la mradi. Katika orodha ya makabidhiano, yenye sahihi yangu, zilikuwemo paneli, betri, kidhibiti cha chaji, taa sita na waya kwa mita. Spana haikuwemo. Bisibisi haikuwemo. Kosa halikuwa la muuguzi wala la kamati. Tulimkabidhi mtu mashine tukaondoka na zana.

Zana hizi zilianzia wapi

Historia ya zana za mfukoni inatufundisha kwamba zilibuniwa kwa sababu inayofanana sana na hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 jeshi la Uswisi lilikuwa likiwapa askari wake bunduki mpya, aina ya mwaka 1889, ambayo ili kuifungua na kuisafisha ilihitaji bisibisi. Askari hao pia walikuwa wakila vyakula vya makopo. Jeshi likaamua kwamba kila askari awe na kisu kimoja cha kukunja chenye ubapa wa kukatia, kifungua kopo, bisibisi na msharasi wa kutobolea. Kwa kuwa wakati huo hapakuwa na kiwanda nchini Uswisi chenye uwezo wa kutengeneza idadi iliyotakiwa, visu vya kwanza vilitoka Solingen, Ujerumani. Fundi mmoja wa visu, Karl Elsener, aliyekuwa ameanzisha karakana yake mwaka 1884 huko Ibach katika jimbo la Schwyz, aliazimia kazi hiyo ifanyike nyumbani. Alianza kulipatia jeshi visu mwaka 1891. Tarehe 12 Juni 1897 alisajili kisu chepesi zaidi chenye zana nyingi zaidi, kilichoitwa cha maofisa. Hicho ndicho baba wa visu vyekundu vyenye msalaba mweupe tunavyoviona leo, na kampuni yake ndiyo inayojulikana sasa kwa jina la Victorinox.

Kisu hicho kilikosa kitu kimoja muhimu, nacho ni koleo la nguvu. Mwaka 1975 mhandisi wa Marekani, Tim Leatherman, alisafiri Ulaya na mke wake kwa gari kuukuu lililokuwa likiharibika mara kwa mara. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja, na kila mara alijikuta akitamani kuwa na koleo. Aliporejea kwao Portland, Oregon, alianza kutengeneza kisu chenye koleo ndani yake. Hakufanikiwa upesi. Alipata hataza mwaka 1980, na akishirikiana na rafiki yake wa chuo aliuza zana yake ya kwanza mwaka 1983. Tangu safari ile hadi kuuza ilikuwa imepita miaka minane.

Mfano wa tatu uko karibu nasi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa maji walibuni pampu ya mkono ya Afridev, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Malawi na Kenya. Pampu nyingi za kabla yake zilihitaji kikosi cha mafundi na vyuma maalumu ili kuvuta mabomba yote kutoka kisimani. Waliobuni Afridev walifanya kinyume. Waliipunguza mahitaji yake hadi kazi nyingi za kawaida zikafanywa kwa spana moja, na pistoni ikavutwa juu kupitia ndani ya bomba bila kung'oa mabomba. Lengo lilikuwa wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuitengeneza.

Askari wa Uswisi, msafiri wa Marekani na kamati ya maji ya kijiji wana jambo moja linalowaunganisha. Anayetumia kifaa ndiye anayekuwapo kinapoharibika, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuwa na zana.

Zimeundwaje

Zana hizi ziko katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni la aina ya kisu. Vipande vimepangwa ubavuni na kila kimoja hufunguliwa kwa kucha, huku springi ya mgongoni ikikizuia kisirudi ovyo. Ni nyepesi, nyingi hazizidi gramu 100, na zinafaa kwa kukata, kufungua skrubu ndogo, kutoboa na kufungua kopo. Zikiwa na koleo, huwa ni dogo sana.

Kundi la pili ni la aina ya koleo. Mikono miwili imetengenezwa kwa bati nene la chuma lililokunjwa kama mfereji. Ukiifungua, koleo linatokea katikati na mikono inakuwa mishikio. Ndani ya mishikio hiyo ndimo vilimolazwa kisu, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota, tupa, na pengine msumeno mdogo. Karibu na shina la koleo kuna sehemu ya kukatia waya. Uzito wake huwa kati ya gramu 140 na 250. Kwa matengenezo ya miradi yetu, hili la pili ndilo lenye manufaa zaidi, kwa sababu kazi nyingi huhitaji mkono mmoja ushike kwa nguvu wakati mwingine unakaza.

Kazi zinazoweza

Kutokana na ziara zetu za ufuatiliaji, hizi ndizo kazi ambazo tumeona zikifanyika vizuri kwa zana ya mfukoni:

(i) Umeme wa jua: kukaza skrubu za waya katika kidhibiti cha chaji, kumenya na kuunga waya mwembamba, kubadilisha fyuzi, na kukwangua kutu kwenye ncha za waya zilizokwisha kufunguliwa kutoka kwenye betri.

(ii) Pikipiki na baiskeli: kukaza kioo cha pembeni, kurudisha waya wa klachi au wa breki uliochomoka, kunyoosha kipande kilichopinda, kuchomoa msumari katika tairi, na kufunga kwa waya kitu kilichokatika ili ufike kwa fundi.

(iii) Cherehani katika vikundi vya ushonaji: kukaza skrubu inayoshika sindano na ile ya mguu unaokandamiza kitambaa.

(iv) Viti vya magurudumu na magongo: kukaza skrubu za sehemu ya kuwekea miguu na za mishikio. Jambo hili husahaulika mno, ingawa skrubu moja iliyoanguka inaweza kumfungia mtu ndani wiki nzima.

(v) Miwani ya wazee, bawaba za madirisha, plagi za spika za kwaya, na mambo mengine ya aina hiyo.

Mtaona kwamba karibu kazi zote hizi ni za kukaza, kushika, kukata au kusafisha. Ni matengenezo madogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na zana hii ni ya kuzibia ufa.

Kazi zisizoweza

Hapa ndipo penye makosa mengi, na yapo yaliyotupata.

Kwanza, koleo si spana. Mwinjilisti mmoja, akiwa njiani kwenda kwenye mtaa wake, alijaribu kufungua nati ya gurudumu la pikipiki kwa koleo la zana ya mfukoni. Koleo liliteleza, kona za nati zikalika, na alipofika kwa fundi ilibidi nati ikatwe. Nati iliyokazwa kwa nguvu ifunguliwe kwa spana ya namba yake. Vivyo hivyo plagi ya pikipiki ina spana yake maalumu, na hakuna zana ya mfukoni inayoweza kuifungua ipasavyo.

Pili, zana hizi ni chuma kuanzia ncha hadi mshikio na hazikingi umeme. Zisitumike kamwe kwenye umeme wa gridi wa volti 230, hata kama mtu anaamini amezima swichi. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Tatu, betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti ya kumuumiza kama umeme wa gridi, lakini chuma kikigusa vichwa vyake viwili kwa pamoja, mkondo unaopita ni mkubwa sana. Kijana mmoja wa kikundi chetu alipitisha koleo juu ya betri, cheche zikaruka, na meno ya koleo yakayeyuka upande mmoja. Angeweza kuungua vibaya, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Utaratibu salama ni huu: ondoa kwanza waya wa paneli kutoka kwenye kidhibiti, kisha anza na kichwa hasi cha betri, halafu chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, malizia na hasi, na waya wa paneli uwe wa mwisho. Pete na saa ya chuma zivuliwe kabla ya kuanza.

Nne, fyuzi ikiungua isibadilishwe kwa kipande cha waya kwa sababu tu una koleo la kukatia waya. Fyuzi inaungua ili vitu vingine visiungue. Ikiungua mara ya pili, itwe fundi.

Tano, kisu kilichokwangua betri kisikate chakula. Unga ule wa vichwa vya betri una risasi na asidi, na vyote viwili ni sumu.

Anayetembea na kinachokaa

Sasa tufike kwenye swali la kamati: tununue au tusinunue?

Zana nzuri ya aina ya koleo kutoka kiwanda kinachoaminika inaweza kuzidi dola 100 za Marekani. Kwa fedha hizo mtu hununua bisibisi mbili, koleo la kawaida lenye mishikio ya plastiki, spana za namba zinazohitajika na sanduku la kuziwekea, tena kwa zaidi ya kituo kimoja. Zana za kawaida pia hufanya kazi vizuri zaidi. Bisibisi iliyonyooka hukaza kuliko inayokunjwa, na spana halisi haiharibu nati. Sifa kubwa ya zana ya mfukoni ni moja tu: ipo pale ulipo, kwa sababu umeivaa mkandani.

Kwa mantiki hiyo, katika miradi yetu tumeanza kufuata kanuni rahisi. Mtu anayetembea, abebe zana ya mfukoni. Kifaa kinachokaa mahali pamoja, kiwekewe zana zake za kawaida hapo hapo kilipo.

Wanaotembea ni kama mwinjilisti anayehudumia mitaa mitatu kwa pikipiki, mhudumu wa maji anayezungukia vituo vya vijiji, au afisa wa mradi anayetembelea watu wenye ulemavu majumbani. Hawa hawawezi kubeba sanduku, na hawajui asubuhi ni kitu gani watakikuta kimelegea mchana. Vinavyokaa ni zahanati, kisima, chumba cha cherehani, mashine ya kusaga. Vifaa hivi vinajulikana, nati zake zinajulikana, na namba za spana zake zinaweza kuandikwa siku ya makabidhiano.

Jambo la pili ni nani anatunza zana. Katika kituo kimoja tuliacha seti ya zana, nayo ikakaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati kwa sababu ya heshima ya cheo chake. Nyumba yake iko mwendo wa saa moja na nusu kutoka kisimani. Katika usharika mwingine tulikuta zana nne za mfukoni zilizoletwa na wageni zikiwa ndani ya kabati la ofisi, zimeandikishwa vizuri katika daftari la mali, bado zimo ndani ya ala zake. Zilitunzwa zisipotee, na kwa miaka miwili hazikukaza hata skrubu moja. Zana inapaswa kuwa mikononi mwa yule ambaye kifaa kikiharibika yeye ndiye wa kwanza kuteseka. Mara nyingi huyo ni muuguzi, mama anayefungua kisima alfajiri, au mwalimu wa ushonaji. Tukiri pia kwamba kwa mazoea zana tumekuwa tukiwapa wanaume, na mafunzo ya matengenezo tumewaalika wao, wakati watumiaji wa kila siku ni wanawake.

Jinsi ya kuchagua

Kama kamati imeamua kununua, au mhisani ameamua kuleta, mambo haya yaangaliwe:

1. Funga koleo na uliinue kwenye mwanga. Ncha zikutane sawasawa. Likicheza kushoto na kulia, liache.

2. Bisibisi ya nyota iwe na ukubwa wa skrubu tunazozikuta kwa kawaida. Nyingine huwa ndogo mno na huharibu kichwa cha skrubu.

3. Kisu na bisibisi viwe na kufuli, yaani vikifunguliwa visikunjike kwenye vidole wakati wa kukaza. Jaribu kukifunga kisu bila kuachia kufuli, kwa uangalifu.

4. Usihesabu vipande. Zana yenye vipande 10 imara ni bora kuliko yenye vipande 25 vinavyopinda.

5. Usipime kwa sumaku. Wengi huamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakinaswi na sumaku. Hilo ni kweli kwa baadhi ya sufuria na vijiko. Chuma cha visu hutengenezwa ili kiwe kigumu, nacho hunaswa na sumaku hata kikiwa kizuri kabisa.

6. Jina lililoandikwa ubavuni si ushahidi, kwa maana bidhaa za kuiga zina majina yale yale. Viwanda vikubwa hutoa dhamana ya miaka mingi (Leatherman hutoa miaka 25), lakini kwetu huenda ikabidi kuirudisha zana mbali sana, kwa hiyo dhamana isiwe sababu kuu ya kulipa bei kubwa.

Jinsi ya kutunza

Chuma kisichoshika kutu kirahisi bado kinaweza kushika kutu, hasa pwani na maeneo yenye unyevu. Vumbi la barabara zetu likiingia kwenye maungio huchanganyika na mafuta na kuwa kama msasa. Mara moja kwa mwezi zana ifunguliwe yote, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ipigwe mswaki wa zamani, ikaushwe juani, kisha kila ungio lidondoshewe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike kwa sababu huganda na kunata. Kisu kinolewe kwa kinoo, kwani kisu butu humfanya mtu atumie nguvu nyingi, na ndipo anapojikata.

Vichwa vya betri, baada ya waya kuondolewa kwa utaratibu tuliouelekeza, vipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya magadi, maji hayo yasiingie ndani ya betri. Vikikauka, vifungwe, vikazwe, vipakwe vaselini. Kama hilo lingefanyika kila mwezi katika ile zahanati, barua ya kuomba betri isingeandikwa.

Kwa wanaosafiri

Zana yenye kisu kwa kawaida hairuhusiwi katika mzigo wa mkononi ndani ya ndege. Masharti hayo yalikazwa sana baada ya matukio ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, na wageni wetu wengi wamenyang'anywa zawadi zao kwenye ukaguzi. Iwekwe katika begi linalokaguliwa na kupakiwa chini. Sheria za kubeba visu hadharani nazo zimekuwa kali katika nchi kadhaa za Ulaya, kiasi kwamba mwaka 2024 mkuu wa kampuni ya Victorinox alieleza kuwa wanaandaa zana za mfukoni zisizo na kisu. Habari hiyo inatufaa. Kwa kazi nyingi tulizozitaja, kisu ndicho kinachohitajika kidogo kuliko vyote, na zana isiyo na kisu italeta maswali machache, hasa kwa vijana.

Ushauri kwa kamati na wahisani

Kwa kamati za sharika:

(i) Kila mradi wenye kifaa uwe na orodha ya zana katika hati ya makabidhiano, zikiwa na namba za spana. Kama orodha haipo, msisaini. Hata kama anayewaletea hati ni mratibu.

(ii) Andikeni jina la mtunza zana na la msaidizi wake. Wote wawili waishi au wafanye kazi karibu na kifaa.

(iii) Wekeni daftari dogo. Kila nati ikikazwa, tarehe iandikwe. Nati inayolegea kila mwezi inawaambia kuna tatizo jingine.

(iv) Kabla ya kuandika barua ya kuomba kifaa kipya, kageni vile vinavyokazwa na safisheni vile vinavyosafishwa, kisha mwandike katika barua kwamba mmefanya hivyo.

Kwa wahisani wetu wapendwa: zawadi zenu tunazithamini. Mnapofikiria kuleta zana, tafadhali tuulizeni kwanza ni nani anayetembea na ni kifaa gani kinachokaa. Pengine zana mbili nzuri kwa wainjilisti wawili na masanduku matano ya zana za kawaida yatafaa kuliko zana ishirini za mfukoni. Aidha, msione haya kufadhili kitu kidogo. Ni rahisi kupata picha nzuri ya paneli juu ya paa kuliko ya spana, lakini paneli ile haikuwasha taa kwa siku kumi na moja.

Nilipita tena katika zahanati ile katika ziara ya robo iliyopita. Ndani ya mlango wa sanduku la betri kuna msumari, na kwenye msumari imefungwa kwa kamba spana namba 13. Chini yake pana daftari lenye mwandiko wa muuguzi: tarehe, na maneno "imekazwa" au "imesafishwa". Nilimwuliza kama angependa pia zana ya mfukoni kama ile niliyovaa mkandani. Aliitazama, akaifungua na kuifunga mara mbili, akanirudishia. "Hii mpe mwinjilisti, Mratibu," akasema. "Mimi siendi popote. Niletee spana nyingine tu, hii ikipotea."

Tumempelekea. Kamati zitakazopenda kuandaa orodha ya zana za miradi yao zinakaribishwa ofisi ya miradi, ambako fomu ya ukurasa mmoja imekwisha kuandaliwa.